Ritifaa ya Ng'washi: Tunawapa Vijana Wetu Kalamu ya Nani?

Mwishoni mwa mwaka nilikuwa Masumbwe, nyumbani kwa dada yangu, hatua chache kutoka barabara kuu ya Isaka hadi Lusahunga ambako malori ya Rwanda na Burundi hayalali usiku wala mchana. Wazee wa pale bado husema wako Shinyanga, ingawa tangu mwaka 2012 Masumbwe imo katika mkoa wa Geita, wilaya ya Mbogwe iliyomegwa kutoka Bukombe. Shemeji yangu ana mashine ya kukoboa mpunga. Binti yao alikuwa amemaliza kidato cha nne mwezi mmoja kabla, na alikuwa katika ule msimu wa kungoja matokeo ambao vijana wengi huupitisha kwenye simu. Yeye aliamua kuupitisha kwenye kompyuta. Baba yake alimnunulia Kahama kompyuta ya mkononi iliyokwishatumika, yenye kumbukumbu ya GB 2 na Windows 7, na binti akajipa kazi: kuandika programu ndogo ya kutunza hesabu za mashine. Nani kaleta magunia mangapi, kalipa nini, anadaiwa nini. Lugha aliyoichagua ni Python, ambayo alijifunza kwa kitabu cha PDF kilichopita mkono kwa mkono katika fleshi ya shule.

Siku ya pili ya ugeni wangu alinijia barazani.

"Shikamoo mjomba. Samahani, nina swali la kompyuta."

"Marahaba, mama. Uliza."

"Kwa nini kompyuta haitaki jina la Ng'washi?"

Nilidhani ni mzaha. Akanifungulia daftari la wateja, kisha akanionyesha. Juma alikubaliwa. Maria alikubaliwa. Masanja alikubaliwa. Alipofika kwa Ng'washi, programu ilisimama na kutoa maandishi mekundu. Alikuwa amepoteza siku mbili. Katika siku hizo aligundua jambo la ajabu zaidi: kulikuwa na namna ya kuliandika jina hilo likakubaliwa, lakini jioni baba yake akimtafuta mteja huyo kwa kuandika jina lake kwenye kibodi, programu ilijibu kwamba mteja hayupo. "Nadhani hizi mashine hazikutengenezwa kwa majina yetu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri kwamba kazi hii si yake.

Makala hii inahusu chombo kidogo ambacho wengi wetu hatujawahi kukifikiria, yaani programu anayoitumia mtu kuandikia msimbo, na wajuzi huiita kihariri matini. Nakiri kwamba mada hii haifanani na yale ninayoyaandika hapa kila mara. Hata hivyo, sauti ile ya mpwa wangu nimeisikia mara nyingi mno kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, hasa wale wanaotoka shule za kata, na ninaamini kwamba chanzo chake si uwezo wao.

Nilimwomba anionyeshe anaandikia wapi. Alikuwa anaandikia kwenye Microsoft Word. Python huja na kihariri chake kidogo kiitwacho IDLE, lakini yeye alikitumia kama mahali pa kubandikia tu. Kuandika kwenyewe, kwa ufahamu wake, hufanywa kwenye Word. Sikumcheka, na msomaji naye asimcheke. Kwa miaka minne alifundishwa kwamba somo la kompyuta ni kufungua Word, kukoleza maandishi, kuweka jedwali, kuhifadhi, kufunga. Mwalimu wake alifundishwa hivyo hivyo. Ofisi zetu za umma huendeshwa hivyo hivyo. Nani angemwambia kwamba kuna aina nyingine ya maandishi?

Word ni chombo kizuri kwa barua. Kimeundwa kumsaidia karani, na karani husaidiwa kwa kurekebishiwa. Ukianza mstari kwa herufi ndogo, Word huikuza. Basi amri ya *print*, ambayo Python huitambua kwa herufi ndogo tu, inageuka *Print* na haitambuliki tena. Ukiandika Kiswahili hali Word imewekwa Kiingereza, ukurasa mzima hupigwa mistari myekundu kana kwamba lugha yako ndiyo kosa. Faili lenyewe unalolihifadhi si maandishi tu: ndani yake ni furushi lililobanwa lenye mafaili kadhaa ya mitindo, ukubwa wa karatasi, jina la mwandishi na mengineyo. Kisha kuna jambo lililomkwamisha mpwa wangu. Ukibonyeza alama ya kunukuu iliyo wima, Word huipinda ili ipendeze.

Kwa jicho la binadamu, ritifaa iliyo wima na ritifaa iliyopinda ni kitu kimoja. Kwa mashine, ile ya wima ni namba 39 katika orodha ya ASCII iliyotungwa Marekani mwaka 1963, na ile iliyopinda ni namba 8217 katika orodha kubwa ya Unicode iliyokuja baadaye. Hazina undugu wowote. Mpwa wangu alikuwa akibandika msimbo wake kwenye IDLE, Python inakataa alama zilizopinda, naye anazifuta moja moja na kuziandika upya kwa mkono. Alipofika kwenye Ng'washi alikuwa na njia mbili. Akiinyoosha pia ritifaa iliyo katikati ya jina, Python huiona kama alama inayofunga neno: jina linaishia Ng, na *washi* inabaki nje ya uzio kama ndama aliyepotea. Akiiacha imepinda, Python hulikubali jina, lakini baba yake anapomtafuta mteja jioni hubonyeza ritifaa ya kibodi, ambayo ni ya wima, na mashine huona majina mawili tofauti. Kwa hiyo alikuwa sahihi katika yote aliyoyaona. Hakuwa na namna ya kuona kile kisichoonekana.

Dawa yenyewe ni ya nusu dakika: jina lizungushiwe alama pacha za kunukuu badala ya zile moja moja, na ritifaa ya ndani iwe ya wima. Lakini ili kijana aigundue dawa hiyo mwenyewe, anahitaji chombo kinachoandika kile alichokibonyeza, bila kupunguza wala kupamba, na ikiwezekana kinachopaka rangi sehemu za msimbo ili aone kwa macho kwamba neno lake limekatikia Ng. Hiyo ndiyo kazi yote ya kihariri matini.

Niseme neno kuhusu ritifaa kabla ya kuendelea. Kiswahili kina bahati ambayo wenye Kifaransa, Kiyoruba au Kivietinamu hawanayo: herufi zetu zote zimo katika ile orodha fupi ya ASCII, bila nukta za ziada wala mikwaju juu ya vokali. Alama pekee inayotutia mashakani ni hii ya ng'. Nayo si pambo. Kung'oa ni kung'oa, na ngoa ni wivu au tamaa. Huku Usukumani na Usumbwani majina yanayoanza kwa Ng' hayahesabiki, na ng'ombe wenyewe ndio tuliozaliwa tukiwahesabu. Nimewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi moja nikaambiwa kwamba "mfumo haupokei hiyo alama, tuiondoe tu." Kuiondoa kwenye cheti cha kuzaliwa huku ikibaki kwenye cheti cha shule ni kumtafutia mtu safari za kwenda kuapa kwamba yeye ni yeye. Waayalandi wenye majina kama O'Brien wanaujua usumbufu huu tangu kompyuta zilipoingia ofisini. Tofauti ni kwamba watu wa namna yao walikuwa miongoni mwa walioandika mifumo. Mfumo usiopokea alama ya jina lako umeandikwa na mtu ambaye hakuwahi kuwa na mteja anayeitwa Ng'washi. Mpwa wangu anaye.

Sasa, kihariri kipi? Niliwauliza kwa simu vijana wawili niliowafundisha, ambao sasa wanaandika programu Dar es Salaam, nao wakajibu kwa kauli moja: Visual Studio Code ya Microsoft. Jibu hilo lina uzito. Katika tafiti za Stack Overflow za mwaka 2023 na 2024, zaidi ya asilimia 70 ya waandishi wa programu walioshiriki walisema wanaitumia. Ni nzuri, haidai malipo, na mimi mwenyewe ninayo ofisini. Lakini tulikuwa Masumbwe. Kuipakua ni karibu MB 100, na hilo ni bando la mtu. Tulipojaribu, toleo jipya halikukubali kufunguka kwenye Windows 7, kwa kuwa mfumo huo hauhudumiwi tena. Tukatafuta toleo la zamani, nalo likachukua muda wa kuandaa chai kabla ya kuonyesha ukurasa, na feni ya kompyuta ikaanza kulia kama karasha.

Nimelitaja karasha na sitaliacha lipite, kwa sababu ndilo lililonipa njia ya kumweleza shemeji yangu kwa nini nasita. Yeye amewahi kuchimba. Anajua kwamba mchimbaji mdogo hupeleka mawe yake kwenye karasha, yanasagwa, vumbi linaoshwa, zebaki inakamata dhahabu iwezayo kuikamata, na mchimbaji anaondoka na punje yake amefurahi. Mchanga unaobaki, marudio, kwa kawaida hubaki kwa mwenye karasha. Na kwa kuwa zebaki mara nyingi hukamata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo, mwenye karasha huyapeleka marudio kwenye sianidi na huenda akapata zaidi ya aliyepasua mwamba. Ndiyo maana anaweza kumsagia mtu kwa bei ya urafiki. Taifa zima lilijifunza somo la aina hii mwaka 2017, pale neno makinikia lilipotoka kwenye vitabu vya madini na kuingia kwenye vijiwe vya kahawa, na makontena ya Bulyanhulu na Buzwagi yakazuiwa kusafirishwa.

Visual Studio Code, ikiachwa kama ilivyokuja, hutuma kwa Microsoft taarifa za namna unavyoitumia. Mtu anaweza kuizuia katika mipangilio, akijua pa kwenda. Msimbo wake wa msingi uko hadharani kwa leseni huria ya MIT, lakini nakala unayoipakua kwao ina leseni yao wenyewe, na ndiyo maana wapo waliotengeneza nakala nyingine iitwayo VSCodium isiyotuma taarifa hizo. Wasaidizi wa akili mnemba wanaochomekwa humo nao hupeleka vipande vya msimbo wako kwenye kompyuta za mbali ili wakushauri. Simshutumu mtu hapa. Masharti yameandikwa, na atakaye kuyasoma atayasoma. Ninasema tu kwamba kijana anayeanza hajui kwamba kuna marudio, na tukimkabidhi karasha bila kumwambia yanakwenda wapi, tutakuwa tumemfundisha nusu ya kazi. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sidhani kama darasa la kompyuta la sekondari linaitaja, na hapo ndipo ingetajwa kwa mfano ulio mkononi.

Kuna sababu nyingine ya kutofunga ndoa na kihariri cha kampuni. Mwaka 2014 GitHub walitoa kihariri kilichoitwa Atom. Kilipendwa sana, nakumbuka wanafunzi wangu wakibishana juu ya rangi zake. Mwaka 2018 Microsoft wakainunua GitHub, wakawa na vihariri viwili chini ya paa moja, na tarehe 15 Desemba 2022 Atom ikafungwa rasmi. Waliokuwa wameizoea vidole vyao vilibaki yatima. Kilichowaokoa ni kwamba mafaili yao yalikuwa matini tupu, yanayosomeka popote, leo au baada ya miaka 40. Hii ndiyo faida ambayo sijaona ikisemwa vya kutosha kwa watumishi wa umma: andishi lililohifadhiwa kama matini tupu halimtegemei muuzaji yeyote kuwa hai.

Basi tulichukua Notepad++. Mwandishi wake, Don Ho, aliitoa mwaka 2003, iko chini ya leseni ya GPL inayomruhusu mtu kuinakili na kuigawa, haifiki MB 10, na kwenye ile kompyuta ya Kahama ilifunguka kabla sijamaliza kubonyeza. Inaonyesha namba za mistari. Inapaka rangi. Mpwa wangu alibandika msimbo wake, na mara moja akaona jina limekatwa vipande viwili vyenye rangi mbili. Hakuniuliza dawa. Alikaa kimya kidogo, akajaribu hiki na kile, akaipata.

Kwa mwenye Linux ningemwambia achukue Geany au Kate, au nano ambayo huwamo tayari katika mifumo mingi. Geany hupatikana pia kwa Windows na ni nyepesi. Mwenye simu tu, na hao ndio wengi, aweke Termux na aandikie nano humo humo. Vidole vitachoka lakini atajifunza. Notepad ya kawaida ya Windows inatosha siku ya kwanza, ila itakuonea: haipaki rangi, na usipokuwa mwangalifu itakuhifadhia faili lenye jina la *hesabu.py.txt* huku Windows ikikuficha ule mkia wa mwisho.

Usiku ule, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na betri ya kompyuta ilikuwa na uhai kidogo, nilimwonyesha kihariri ninachokitumia mimi mwenyewe kwa miaka mingi, Vim. Ni kigumu kwa mgeni. Mwaka 2012 mtu mmoja aliuliza Stack Overflow namna ya kutoka ndani yake, na kufikia mwaka 2017 swali hilo lilikuwa limesomwa zaidi ya mara milioni moja. Nilitaka tu aone kwamba chombo kinaweza kuwa kidogo na bado kikawa na nguvu za kutisha. Lakini yeye aliona kitu kingine. Vim ikifunguliwa bila faili, mara nyingi huonyesha katikati ya skrini mstari wa Kiingereza unaomwomba mtumiaji awasaidie watoto maskini wa Uganda.

"Mjomba," akasema, "hao watoto maskini ndio sisi?"

Nilimweleza habari hii, na naileta hapa kwa sababu ni ya kwetu kuliko tunavyodhani. Vim iliandikwa na Mholanzi, Bram Moolenaar, aliyeitoa hadharani mwaka 1991. Mwaka 1994 alikwenda kujitolea Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda katika eneo la Rakai, ng'ambo tu ya mpaka wa Kagera. Alishughulika na maji na vyoo kwenye kituo cha watoto. Rakai na Kagera zilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kabisa katika Afrika Mashariki kupigwa na UKIMWI katika miaka ya 1980, na watoto wengi wa pale walibaki bila wazazi. Aliporudi Uholanzi alianzisha mfuko uitwao ICCF Holland wa kuwasomesha watoto hao, na badala ya kuuza programu yake aliitoa bure kwa wote, akiomba tu kwamba anayeipenda achangie Kibaale. Alifariki Agosti 2023. Waliojitolea pamoja naye wanaiendeleza, na toleo la 9.1 lililotoka Januari 2024 walilitoa kwa kumbukumbu yake.

Namheshimu mtu huyu. Wapo wengi walioandika hotuba juu ya Afrika. Yeye alikwenda, akashika koleo, kisha akafunga kwenye kazi yake ya maisha jina la mji ambao hata Waganda wengi hawaujui. Mwandishi wa programu wa Tokyo au Berlin ambaye hajui Rakai iko upande gani wa dunia ameisoma sentensi ile mara nyingi kuliko alivyosoma habari yoyote nyingine ya kanda yetu. Hata hivyo swali la mpwa wangu linaniwasha mpaka leo. Tumo katika ukurasa wa kwanza wa mojawapo ya zana mashuhuri za kuandikia programu duniani, na tumo kama watu wa kusaidiwa. Si kosa la Moolenaar. Mwaka 1994 ndivyo mambo yalivyokuwa Kibaale. Lakini mtoto wa Masumbwe aliyekifungua chombo kile hakukifungua ili asaidiwe. Alikifungua ili baba yake asidhulumiwe magunia.

Nilimjibu kwamba wale ni watoto wa jirani, na kwamba wengine wao leo ni watu wazima kama mimi. Akaniuliza namna ya kutoka. Nikamwonyesha.

Natoka barazani sasa, niwageukie ndugu zangu watumishi, hasa maofisa TEHAMA wa halmashauri na walimu wanaokabidhiwa vyumba vya kompyuta. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, inazungumza sana juu ya ujuzi na stadi za kazi, na ni jambo jema. Lakini chumba cha kompyuta kinachozinduliwa kwa utepe, kikiwa na Word kwenye kila mashine na hakuna kihariri matini hata kimoja, ni karakana ya useremala yenye meza za kulia chakula. Hakuna zabuni inayohitajika hapa. Fleshi moja ya kawaida inabeba Notepad++, Geany na Python yenyewe, na nafasi inabaki. Kwa kuwa leseni zinaruhusu, mwanafunzi anaweza kuondoka na nakala yake kihalali akaenda nayo kijijini, na hilo haliwezekani kwa programu iliyonunuliwa kwa idadi ya mashine. Ni kazi ya asubuhi moja.

Na tunayo historia ya kutusukuma. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Tuliinunua mashine, tukaazima na wataalamu wa kuiendesha, na hesabu zilipovurugika hatukuwa na watu wetu wa kutosha wa kuifungua na kuiuliza kilichotokea. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wengine hulicheka zuio lile kama ushamba. Mimi naliona kama hasira ya mtu aliyeuziwa kitu asichoweza kukirekebisha. Hasira hiyo ilikuwa na haki, ingawa dawa yake ilitugharimu miaka. Mwishoni mwa mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, ilionekana kama tumepata jibu la upande wa pili: kukichukua chombo kilicho huria na kukifanya chetu. Wanafunzi wangu wa leo hawajawahi kuisikia. Sijui ni wangapi katika wizara walioisikia.

Wapo watakaosema kwamba namfundisha mtoto wa kijijini zana za kizamani hali mwajiri atamtaka ajue Visual Studio Code. Hoja hii naichukulia kwa uzito, kwa kuwa wanaoitoa ndio wanaoajiri. Jibu langu ni kwamba anayejua matini tupu ni nini huhamia kihariri kingine kwa wiki moja, na nimewaona wakihama. Aliyejifunzia chombo kinachomkamilishia kila mstari hukwama siku bando likiisha, na huyo pia nimemwona, katika chumba cha mtihani, akiitazama skrini tupu. Akipata kompyuta yenye nguvu na intaneti ya uhakika, na aichukue Visual Studio Code kwa mikono miwili, akazime kwanza yale ya kuzima.

Wiki iliyopita mpwa wangu alinitumia programu yake kwa WhatsApp. Ni faili la KB 6. Nililifungua kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya benki na kulisoma lote. Maelezo ya ndani ameyaandika kwa Kiswahili, jambo ambalo sikumwambia alifanye. Ng'washi yumo, na ritifaa yake iko wima. Shida yake sasa ni nyingine: wateja wawili wanaitwa Masanja, na mmoja amelipishwa deni la mwenzake. Nimemshauri aongeze jina la baba. Amejibu kwamba amekwisha kuuliza, na baba wa mmojawapo ni Ng'wandu.